Kuku wa Shangazi na Mwasumini wa Mama

Wenzangu wakinusa asumini hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka kuku, na damu hunichemka. Asubuhi ya leo mwasumini wangu wa kwenye debe umefungua ua la kwanza la mwaka, harufu ikanifuata mpaka jikoni, nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, uso nimeukunja, nina hasira na watu ambao baadhi yao walishazikwa. Acheni niwaeleze, labda nitapoa.

Tulikaa Kamwokya, katika chumba kimoja cha kupanga ambacho watu wa Kampala hukiita muzigo, na pazia la maua lilikigawa katikati. Baba alikuwa mtu wa Bungoma, fundi wa reli. Mama alikuwa Mrabai, wa kule juu ya Mombasa, na Baba alimleta Uganda kabla ya vita. Mama aliuza mitumba katika soko la Owino. Bibi, mama yake Mama, alifariki vita vikiwa vimepamba moto na njia zimefungwa, kwa hiyo Mama hakumzika. Vita vilipokwisha na mabasi yakaanza kwenda tena, alisafiri hadi Rabai akakuta kaburi limekwisha kuota nyasi. Mlangoni pa Bibi palikuwa na mwasumini. Alikata vijiti vitatu, akavifunga kwa kitambaa kibichi, akavibeba mkobani na kuvinyunyizia maji njia nzima mpaka Kampala. Viwili vilikauka, kimoja kikashika.

Alitafuta debe la mafuta ya kupikia, akalitoboa chini kwa msumari, akatandika vipande vya makaa ili maji yasituame, kisha udongo uliochanganywa na mchanga na samadi ya mbuzi. Aliliweka juu ya matofali mawili kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Kwa Mama, Kampala ilikuwa nchi ya baridi. Ikifika Juni alivaa sweta mbili na kulalamika, na aliamini mti wake ulisikia baridi ileile. Basi kila jioni debe liliingia ndani na kila asubuhi likatoka nje, na mbebaji nilikuwa mimi. Kingo zake zilinikata vidole. Baba alikuwa akijikwaa nalo na kutoa maneno ya Kibukusu ambayo tulikatazwa kuyarudia. Nililichukia debe lile kwa moyo wangu wote.

Miaka mitatu lilitupatia majani tu. Majani mazuri, ya kung'aa, lakini ua hata moja hatukuliona. Nnalongo, jirani yetu mwenye mapacha, alikuwa akipita na ndoo zake na kumhurumia Mama.

"Mama Nekesa, hii muti yako kazi yake ni majani tu," alisema. "Ng'oa, panda nakati, tutakura mboga."

Mama alicheka tu. Lakini mwaka ule, baada ya Krismasi, alikumbuka jambo. Mvua ya Kampala inaudekeza, alisema. Mti ukishiba maji kila siku hauoni sababu ya kuchanua. Bibi alipotaka maua aliupukutisha majani yote, akaunyima maji mpaka uone kiu ya kweli, kisha akaumwagilia, na ndipo ulipochanua. Jumamosi moja tulikaa chini ukutani, mimi na yeye, tukachuma majani moja moja mpaka vikabaki vijiti vitupu.

"Siku ishirini na moja, Nekesa," aliniambia. "Hata tone."

Akaniambia pia nisimwambie mtu, watatucheka. Ua la kwanza angelikausha ndani ya Biblia yake, na wakati wa Pasaka alipeleke Rabai, aliweke juu ya kaburi la mama yake. Hapo ndipo nilipoacha kulichukia debe. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nilikuwa nimepewa siri ya mtu mzima. Wingu likitokea upande wa Mulago, nilikuwa nimeshafika kuliingiza debe ndani. Nyuma ya mlango nilichora mistari ya mkaa, mmoja kwa kila siku. Siku ya kumi na nane, kabla hajatoka kwenda Owino, Mama aliniita akanishika kidole na kukipitisha kwenye fundo la kijiti. Palikuwa na kitu kidogo cha kijani, sawa na punje ya mtama. Alijifuta macho kwa ncha ya leso akaenda kazini.

Siku hiyohiyo Shangazi, dada mkubwa wa Baba, aliwasili kutoka Bungoma na gunia la viazi vitamu na kuku mmoja mwekundu wa zawadi. Nisimsingizie: alikuwa mchapakazi. Hakumaliza hata chai kabla ya kushika ufagio. Alifagia, akafua, akapanga vyombo, kisha akaanza kutafuta pa kumlaza kuku wake. Akaliona debe.

Baba alikuwa na mapumziko siku ile. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, hatua tatu kutoka hapo, akisoma gazeti la wiki iliyopita. Shangazi alivishika vijiti kwa mkono mmoja akavuta.

"Shangazi, Mama alisema—"

"Wewe mtoto," alinikatiza. "Mimi nafanya kazi, wewe unanifundisha?"

Nilimgeukia Baba. Alifungua ukurasa mwingine. Udongo ukamwagwa mtaroni, debe likalazwa ubavu na kutiwa majani makavu, kuku akaingizwa. Vijiti vya mwasumini Shangazi alivivunjavunja juu ya goti akawashia jiko, akapika chai ya pili, na Baba akainywa. Mimi nilisimama palepale. Sikulia, sikukimbia, sikuita Nnalongo. Nilikuwa nimelelewa kutowajibu wakubwa, na malezi yalikuwa yamenishika barabara.

Mama alirudi jioni na furushi lake kichwani. Akamwona kuku. Alishusha furushi taratibu, akatazama mtaroni, akatazama jikoni, kisha akanitazama mimi.

"Ulikuwa wapi?" aliniuliza.

Alinizaba kofi, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, na Baba akainuka kwenye kigoda.

"Mwache," alisema. "Ni mtoto tu."

Mama akamkaribisha Shangazi vizuri, akampikia, akamtandikia kitanda chake mwenyewe. Kuku alitaga ndani ya debe lile mwezi mzima. Baba alikula mayai, Shangazi akala mayai, mimi nilikataa kabisa mpaka nikaitwa mwenye kiburi. Pasaka ilipofika Mama hakwenda Rabai. Hakupanda kitu tena. Alifariki nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na sikuwahi kumwambia kwamba nilijaribu kusema.

Kwa miaka hiyo yote hasira zangu zilikuwa za Shangazi. Baba sikumgusa. Nilijiambia kwamba mwanamume wa relini atajuaje habari za maua, naye si ndiye aliyenitetea? Neno lile, ni mtoto tu, nililitunza vizuri na kumpenda nalo.

Kisha nikaenda Rabai mwenyewe, nikakata kijiti mlangoni pa Bibi, nikatafuta debe na msumari. Januari ya mwaka uliofuata nikaupukutisha mti wangu majani. Baba, ambaye siku hizi anakaa Bungoma, alikuwa amekuja kwangu kwa ajili ya daktari wa macho, na alikuwa ameketi barazani mume wangu alipouliza kama vijiti vile vimekauka, avitupe.

"Huo haujakufa," Baba alisema kabla sijafungua mdomo. "Siku ishirini na moja, hata tone. Halafu mnaumwagilia."

Nilimuuliza aliyajulia wapi. Akasema Mama alimwambia. Mama alikuwa akimwambia kila kitu cha mti ule, mpaka habari ya Biblia na kaburi.

"Kwa hiyo siku ile ya kuku ulijua," nilisema.

Alijikuna goti.

"Alikuwa dada yangu mkubwa," alisema. "Nilidhani wewe utasema."

Mwanamume mzima, mwenye ndevu, ameketi hatua tatu, anamngoja mtoto wa miaka kumi aseme asichothubutu kusema yeye. Na aliposema niachwe, hakuwa akinitetea mimi. Mama alikuwa bado hajafika kwake na swali lile la ulikuwa wapi, naye alitaka liishie kwangu. Nilikuwa nimepigwa kofi lililomstahili yeye, kisha nikamshukuru kwa miaka zaidi ya ishirini.

Sikumfokea. Sikumsamehe pia, msije mkadhani. Anakuja kila Januari kwa ajili ya macho yake, na kila jioni debe langu lazima liingie ndani, na analiingiza yeye. Kingo bado ni kali. Mume wangu huona haya, hutaka kumpokea debe. Mimi husimama mlangoni na kumzuia.

"Mwache," humwambia. "Ni mtu mzima."