Bwana Ndugu wa Mabomba

Siku hizi kila mtu ni ndugu. Utingo wa basi la Tandahimba ananiita ndugu, na mnunuzi wa korosho anayetaka kunipunja kwenye mizani naye ananiita ndugu. Mimi siitiki. Elimu yangu ni ya kusoma bomba limeandikwa nini, basi, lakini nyumba hii ya bati nimeijenga mwenyewe, na neno hilo najua uzito wake. Kwetu Wamakonde ndugu ni mtu anayeweza kuitwa akajibu kwa ajili yako. Na ndugu wangu wa kwanza upande huu wa Ruvuma alikuwa mzungu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Kampuni ilikuwa inapandisha maji kutoka bondeni kuyaleta Newala, na mimi nilichimba mtaro wa mabomba. Watu wa mabondeni hawajui kiu ya huku juu. Wanawake walishuka genge, ule mteremko mkali wa kwenda bondeni, alfajiri na mitungi, wakirudi jua limekwisha kuwa kali, na mtoto akimwaga kikombe cha maji alichapwa kama aliyevunja sahani. Injinia wa kazi ile alikuwa mfupi, mwenye kipara, mkali wa vipimo. Siku ya kwanza alitukusanya akatuambia, kwa Kiswahili chake cha kupindapinda, tusimwite bwana.

"Niiteni ndugu. Mimi msoshalisti."

Mnyapara wetu, Myao wa Masasi, akapiga saluti. "Ndiyo, Bwana Ndugu!"

Likabaki hilo hilo.

Mchana alikula nasi pale pale mtaroni, jambo ambalo Waingereza hawakulipenda. Siku moja tukamuuliza yeye ni Mwingereza wa wapi. Akasema si Mwingereza. Mspanyola, basi? Hapo akakasirika. "Mkatalani!"

"Mkataa nani?" mnyapara akauliza.

Tulicheka hadi mtu mmoja akapaliwa na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Injinia akataka aelezwe, na alipoelezwa akacheka kutushinda. Akasema Wakatalani ni watu wenye lugha yao ndani ya Uhispania, lakini jina hilo letu limempata. Kuna askari mmoja mkubwa aliyeinyakua nchi yao kwa bunduki, na yeye ndiye aliyemkataa huyo. Kabla ya vita alikuwa mjumbe katika baraza la kwao, mtu wa chama cha wafanyakazi. Waliposhindwa alivuka milima ya theluji kwa miguu, akaishi Ufaransa, akaishi Meksiko, kisha kazi ikamleta kwetu. Chumbani mwake sanduku lilikaa wazi juu ya kiti. Shati alilitoa humo, na likifuliwa lilirudi humo. Kwenye kabati alilopewa aliweka spana. Alisema askari yule ni mzee, atakufa wakati wowote, na siku hiyo yeye ataondoka na basi la kwanza.

Nilimwelewa. Mimi nilivuka Ruvuma kukimbia kazi ya lazima ya Mreno. Ukisimama ukingoni mwa Newala unaiona nchi ya kwetu ng'ambo, hata moshi wa watu wanaochoma mashamba unauona, na huendi. Alisimama nami pale siku moja.

"Afadhali wewe, unaona kwenu," akasema.

"Kuona ndiko kubaya," nikamjibu.

Basi, mwaka ule nikataka kuoa binti wa kijiji cha Mnyambe. Kwetu mwenye kauli ni mjomba wa binti, na huyu alikuwa mtu wa maneno ya kukata. Alizitazama chale za usoni mwangu, alama za Wamakonde wa ng'ambo, tunaoitwa Wamawia huku.

"Wewe Mmawia," akasema. "Mnakuja na panga na blanketi. Mkichoka mnaondoka na blanketi, sisi tunabaki na mimba. Nikitaka kukushitaki, nimshitaki nani? Mto?"

"Mjomba, mimi nina kazi."

"Kazi haikai mkekani. Lete ndugu, Jumapili. Huna, kuna mwalimu wa Lulindi ameshaleta neno."

Kesho yake nilimfuata injinia mtaroni. "Ulisema wewe ni ndugu yangu."

"Ndiyo!"

"Basi Jumapili twende Mnyambe ukanisemee, nioe."

Akacheka. Akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. "Ndugu anafanya nini?"

Nikamweleza. Anakaa mkekani, anaulizwa. Nikimtesa mke, anaitwa yeye. Nikitoroka, anatafutwa yeye. Nikifa, anasimama kaburini. Na akishalisema neno hilo mbele ya mjomba, haondoki kienyeji kama mtu anayewahi basi.

Akakaa juu ya bomba. "Sisi tuliitana ndugu maelfu kwa maelfu, uwanjani," akasema. "Hatukuulizana hayo." Kisha akaniambia hawezi. Yeye ni mtu wa kuondoka, na uongo hataki kusema.

"Sawa, bwana," nikamwambia, nikachukua jembe langu.

Wiki ile yote nilimwita bwana, na kila nilipomwita uso ulimkunjamana. Sikumhurumia. Mwanamke wangu alikuwa anakwenda kwa mwalimu.

Jumapili nilikwenda Mnyambe peke yangu, kwenda kukataliwa. Nilikuwa nimeshavua viatu niliposikia lori la kampuni. Akashuka, kavaa tai. "Shikamoo, mjomba," akasema, na kuinama. Mjomba alikuwa hajapata kuamkiwa hivyo na mzungu. Mdomo ulijibu wenyewe, "Marahaba," na mkono ukavuta mkeka.

"Wewe nani kwake?"

"Ndugu yake."

"Mama mmoja?"

"Hapana. Yeye alivuka mto. Mimi nilivuka milima."

Mjomba akawageukia wenzake. "Jamani, mkimbizi kaleta mkimbizi!" Wakaangua kicheko. Yeye akangoja kitulie. "Na ukiitwa kwenu?"

"Nikiondoka, nitakuja hapa kwanza. Nitakaa mkeka huu, nitaaga, nitaacha mtu mahali pangu."

"Mzungu gani anaaga? Mabwana DC wangapi wamepita Newala, nani alikuja kuniaga mimi?"

"Mimi nitakuja."

Mjomba akachukua ugoro wake, akauvuta bila haraka. "Haya, Mmawia. Ndugu wa ajabu, lakini unaye."

Tukaoana. Mara moja tu aliitwa, tulipogombana na mke wangu juu ya shamba. Aliacha pampu, akasikiliza tangu asubuhi hadi jioni, akaamua kuwa haki ni ya mke. Sikupenda, lakini ndiyo kazi ya ndugu. Nilipokwenda kwake baada ya hapo nikakuta mashati yamo kabatini na spana ziko sakafuni.

Miaka ikapita, maji yakafika. Wakubwa hawakupenda jinsi alivyotufundisha kuchagua wasemaji wetu wenyewe, mkataba wake haukuongezwa. Na yule askari wa kwao alikuwa bado mzima. Lori lingeweza kumpeleka moja kwa moja Mtwara. Akaja Mnyambe, sanduku mkononi, akakaa mkekani.

"Nimekuja kuaga."

"Umeitwa kwenu?" mjomba akauliza.

"Hapana. Nafukuzwa hapa."

"Pole. Na mahali pako anashika nani?"

"Wewe."

Mjomba akaruka. "Mimi? Mimi ni upande wa binti! Huyu akikosa nimshitaki nani, nijishitaki mwenyewe?"

"Ndiyo. Kwa hiyo utamwangalia vizuri."

Wazee walicheka mpaka mmoja akalala kwenye mkeka. Mjomba hakucheka. Alimtazama, akanitazama mimi. "Mliniambia huyu ni fundi wa maji," akasema. "Huyu ni mwanasiasa." Akampa mkono, mikono yote miwili.

Lori lilipoondoka tulibaki tumesimama mpaka vumbi likatulia. Hadi siku hiyo mjomba aliniita Mmawia, hata mbele ya watoto wangu. Akakohoa, akatazama pembeni.

"Mpwa wangu," akasema. "Nenda bombani, niletee maji ninywe."

Nikachukua ndoo.