Mshono Ambao Kendi Hakuushona

Jumamosi asubuhi mjini Blaine, kaskazini mwa Minneapolis, Kendi Mugambi ameipindua glavu ya hoki na kuiweka gotini. Kiganja cha glavu kimetoboka pale gongo linaposhikwa. Anafumua ngozi kuukuu taratibu, huku amekunja uso. Glavu hizi hunuka jasho la msimu mzima, na mama huyu wa Meru hajaizoea harufu hiyo hata leo.

Upande wa pili wa ukuta watoto wanateleza kwenye barafu. Humu ndani ya duka la ukarabati, Elisée, Mkongomani anayenoa viatu vya kutelezea, amezima mashine yake ili asikike vizuri. Ana ubishi wake wa kila siku: kati ya ligi tatu kubwa za vijana za Canada, ni ipi yenye vipaji zaidi?

Elisée ni shabiki wa Quebec, na huwezi kumtoa hapo. Ligi ya Ontario anaipa kasi. Ile ya Magharibi anaipa miili mikubwa, kugongana na safari za basi zisizokwisha. Lakini akili, anasema, iko Quebec, ambako kijana hufundishwa kukipitisha kisahani cheusi, ndio mpira wa mchezo huu, katikati ya miguu ya watu wanne.

Kendi anamsikiliza na kutabasamu kidogo. Ubishi huu ulimtesa kiangazi kizima, kwa sababu mwanawe Brandon, mwenye miaka kumi na minane, anachezea timu ya ligi hiyohiyo ya Quebec.

Kendi alianza maisha ya Minnesota kama wengi wa kwao, akiwahudumia wazee katika kituo kimoja cha Hopkins, hadi mgongo ukakataa. Kushona alikufahamu tangu utotoni, kwa mama yake aliyekuwa fundi wa sare za shule huko Nkubu. Brandon alipoanza hoki kwa glavu za mtumba zilizotoboka, yeye ndiye aliyezitia viganja vipya. Wazazi wengine wakaona, wakaleta za watoto wao. Mwenye duka akamtafutia kiti na cherehani.

"Watu hudhani ni kazi ndogo," anasema. "Lakini mchezaji anajua gongo liko wapi kwa kiganja. Ukikosea hapo, umemfunga macho."

Neno hilo analisema kwa uchungu, na sababu yake tutaifikia.

Vijana wa ligi za Canada huishi na familia za wenyeji. Brandon alipelekwa kwa mwalimu mstaafu aitwaye Solange. Kabla hajaondoka, Kendi alimpa agizo moja: mwanamke atakayekulisha, umwite Mama. Ndivyo mtoto wa watu anavyofundishwa. Brandon akatii, na Kendi akawa amejichongea mwenyewe. Kila simu ikawa Mama Solange amepika supu ya njegere, Mama Solange amenisahihisha Kifaransa, Mama Solange amelia tuliposhindwa.

"Nilikuwa najiambia ni heshima tu," Kendi anasema. "Lakini ilikuwa inanichoma, wacha nikwambie ukweli."

Mwezi Mei kijana akarudi nyumbani. Kendi akafungua mkoba wa mwanawe ili atoe glavu azitengeneze, kama alivyofanya kila mwaka. Akakuta zimeshatengenezwa. Kiganja kilikuwa kipya, uzi umepita kwa mkono, mishono midogo iliyolingana. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Aliuliza hata hivyo, na Brandon akamjibu kwa furaha.

Wivu ulimshika. Siku iliyofuata alizibeba glavu hadi dukani, akafumua mishono yote ya Solange. Ilikuwa imekazwa vizuri kiasi cha kumvunjia sindano. Kisha akaweka ngozi yake mwenyewe, akaikunja mara mbili, isije ikahitaji tena mkono wa mtu.

Wivu haukuishia hapo, ila ulivaa nguo nyingine. Wairimu, rafiki yake na muuguzi wa Maple Grove, ana kijana aitwaye Francis katika Ligi ya Magharibi. Kwa mwaka mzima Wairimu alikuwa akimchokoza baada ya ibada kwamba Quebec ni kwa watoto wa kudekezwa, wanaume wako Magharibi, naye Kendi akiitetea Quebec kufa na kupona. Sasa ghafla akawa wa Magharibi kuliko Wairimu mwenyewe. Wairimu alidhani anachezewa shere.

Haikuwa mzaha. Timu moja ya Magharibi ilikuwa imeonyesha nia ya kumchukua Brandon, na alitakiwa kujibu kabla ya Agosti. Kendi akaanza kumshindilia mwanawe maneno kila kifungua kinywa: Quebec hakuna ushindani, Quebec hakuna atakayekuona.

Julai akapata ushahidi. Alimtazama Brandon mazoezini na kuona kisahani kinamponyoka, tena na tena, kijana ambaye hakuwahi kupoteza kitu ovyoovyo. Alirudi dukani na glavu za mwanawe, akitangaza kwamba ile ligi imemharibia mtoto.

Elisée hakubishana. Alizichukua glavu, akatia mikono, akashika gongo. Akalisogeza huku na huku sakafuni.

"Mama Kendi, mutoto haina shida," alisema. "Ligi pia haina. Hii ngozi ni nzito. Hasikii kitu mukononi."

Kendi anasema alitamani sakafu immeze. Brandon alijua tangu siku ya kwanza. Alicheza hivyohivyo kwa wiki nyingi, mikono ikimchubuka, kwa kuwa hakutaka kumwambia mama yake.

Jioni hiyo walikuwa garini wakitoka kwa Wairimu, Brandon akiendesha. Kijana huyu anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Kendi alimwomba radhi kuhusu glavu, halafu, kwa mazoea, akaanza tena habari za Magharibi. Brandon akamkatiza kwa Kiswahili, polepole, akiyatafuta maneno.

"Mum, si ligi. Ni Solange. Unaogopa nitakuwa wake."

Kendi aligeukia dirishani, akalia hadi walipofika nyumbani. Kesho yake alimwambia abaki Quebec. Akafumua ngozi yake nzito, akashona nyepesi, na Agosti kijana akaondoka na glavu hizo.

Je, wivu umekwisha? Kendi anacheka swali hilo. Wiki iliyopita Brandon alimpigia akila, na sauti ya yule mama ikasikika nyuma ikimhimiza aongeze. Kendi alikata simu mapema, akasingizia kazi.

Lakini Solange amemwalika, naye Kendi ameomba likizo aende Februari. Tutakaa jukwaa moja, anasema, na hatujui hata lugha ya kugombania.

"Nikikuta hampendi mtoto wangu, nitarudi naye siku hiyohiyo, ligi iwe kali ama isiwe," anasema, akiukata uzi kwa meno. "Nikikuta anampenda kama mimi, nitaona wivu mpaka nishindwe kula. Kila usiku namwomba Mungu nikaone wivu."