Utelezi wa Birika la Jirani

Haya sogeeni, wenye chai na wasio na chai, niwaambie wivu ulivyonikondesha mpaka mkanda ukanizunguka mara mbili.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, ofisi za Babati bado zinanuka rangi. Akaja kwetu Bonga binti mtafiti, anataka kuona mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Sasa mgeni akija, si unasafisha? Nilisugua birika langu siku nzima, ng'ombe akijiona mle anaona aibu. Jirani yangu, mvivu yule, hakugusa lake. Lilikuwa na utelezi wa kijani, chura mwenyewe anaanguka.

Binti akaniambia shikamoo, akanipita! Akachota utelezi wa jirani taratibu kama anachota asali.

Aliporudi na majibu, aliomba bangili ya shanga ya mke wangu.

"Huu utelezi ni mwani," akasema. "Ndani yake, pale penye ukijani, kuna maelekezo yamejizungusha kama bangili hii. Shanga nyekundu ndizo zinazoelekeza kuunda mtambo wa kutengeneza protini. Mwani mwingine unazo mahali pamoja tu. Mwingine zimepanga foleni, kundi nyuma ya kundi. Huu una makundi mawili, yametazamana kama watu wanaosalimiana."

Jirani akavimba kifua. "Mimi ninayo mawili! Wewe je, jirani?"

"La mzee hatukupima," binti akasema. "Lilikuwa safi mno."

Mke wangu akampa jirani kiti. Kiti changu!

Kuanzia hapo ugali ukagoma kushuka. Nikaacha kusugua. Baada ya mwezi birika langu likawa kijani kuliko milima, ng'ombe wangu wakalikataa wakahamia kwa jirani. Sikujali. Binti akaja akachota, nami nikatangaza hadi Sigino kwamba mwani wangu una makundi matatu, foleni kama ya sukari.

Majibu yakaja, watu wamejaa uani.

"Mawili, yametazamana," akasema binti. "Ajabu, hayajatofautiana na ya jirani hata kidogo."

"Upepo huo," nikadakia. "Upepo ulihamisha mbegu."

Mke wangu akaropoka mbele ya wote:

"Baba watoto, na huo upepo ndio ulioazima kikombe changu cha chai ukaenda kuchota utelezi kwa jirani?"