Pembeni mwa Kitabu cha Madereva

Mwaka 1974 nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya leseni Shinyanga, na Telesphori alikuwa karani wa masjala. Mtu wa Ushirombo, mrefu, mpole wa sauti, lakini mkaidi sijapata kuona. Vitabu tulikuwa navyo vitatu: cha magari chumba hiki, cha madereva chumba kile, na cha hukumu za mahakama juu ya kabati, hakuna aliyekigusa. Dereva alifungiwa leseni Kahama asubuhi, jioni yuko Isaka anapakia mizigo, na sisi tunakunywa chai.

Jambo hilo lilimnyima Telesphori raha. Zamani alikuwa karani wa parokia, na huko mtu akifunga ndoa, hata mbali, habari huandikwa pembeni mwa jina lake katika kitabu cha ubatizo, asije akaoa tena kwingine.

"Padri hufungua ukurasa mmoja tu, akamjua mtu," aliniambia. "Sisi tunashindwa nini?"

Akavikusanya vitabu vyote mezani kwake, na kwa miezi mitano aliandika pembeni mwa kila dereva hukumu zake na namba za magari aliyokamatwa nayo. Mkuu wetu, Bwana Mihayo, alisema huko ni kuchafua vitabu vya serikali. Akampa hadi mwisho wa mwezi: asipoonyesha faida, vitabu virudi vyumbani na yeye ahamie stoo. Roho iliniuma, maana stoo ile ilikuwa ya panya na magurudumu mabovu.

Siku zikiwa zimebaki nne, lori lilivunja kizuizi cha reli pale Isaka likatokomea. Mlinzi alishika namba. Telesphori akafungua kitabu cha magari, akaona jina Nyamizi, wa Kishapu, na kwa furaha akatuma hati ya kumwita dereva huyo. Kule parokia jina lililoandikwa ndilo la mhusika mwenyewe. Alisahau kwamba kwa Wasukuma lori hununuliwa kwa ng'ombe wa ukoo, likaandikwa jina la mwenye ng'ombe, si la dereva.

Siku ya tatu akaingia Nyamizi mwenyewe, bibi kizee na fimbo yake, hati mkononi.

"Mwangaluka, mayu," alisema Telesphori, akimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Mnasema nimekimbiza gari. Mimi hata baiskeli sijawahi kupanda."

Ofisi nzima ilicheka, nami nikiwamo, Mungu anisamehe. Bwana Mihayo hakucheka. "Telesphori, rudisha vitabu vyumbani. Kesho stoo."

Telesphori hakufunga kitabu. "Mayu, nani anaendesha lori lako?"

"Sijui jina lake. Alikuwa mjukuu wangu Jilala, lakini mavuno yaliyopita, alipolipindua pale Mhunze watu wakiwa wamepanda juu ya pamba, aliniapia hatashika usukani tena. Ameajiri mtu."

Telesphori akafungua kitabu cha madereva kwa Jilala, akasoma yaliyo pembeni. Amekamatwa Novemba, na lori lile. Amekamatwa Januari, na lori lile. Leseni imefungwa.

"Soma tena," alisema bibi.

Alisoma tena, polepole. Bibi akamgeukia mkuu. "Kitabu hiki umesema kinakwenda wapi?"

"Chumbani, bibi. Kuhifadhiwa."

"Kikihifadhiwa, baba, nani ataniambia kwamba ng'ombe wangu waliogeuka lori watakuja kuua watu?"

"Basi, vibaki hapa hadi Jumatatu," alisema Mihayo.

Jumatatu bibi alirudi na ufunguo wa lori kiunoni, Jilala nyuma yake kainamisha kichwa, tayari kwenda polisi kukiri la kizuizi cha Isaka. Nyuma yao walikuwa wazee sita wa Kishapu, kila mmoja na namba ya gari lake kwenye kikaratasi, wanataka wasomewe nani analiendesha. Telesphori alipowaona alitoa leso akajipangusa macho, akasingizia vumbi. Bwana Mihayo aliwatazama wazee waliosimama, akatoka, akarudi amejitwisha benchi.