Linki ya nyumba yetu ya Tibirinzi

Leo nimesaidia kuuza nyumba nilimozaliwa, tena bila kujua.

Kaka yangu Nassor ni dalali. Asubuhi kaniletea laptopu: "Dada'angu, nitilie linki kwenye hii orodha ya Eksel, mteja akibonyeza aione nyumba yenyewe."

Kazi ndogo. Nikawa natia linki huku namwonesha, nabonyeza kujaribu.

Nyumba ya Madungu ikafunguka. Shamba la Pujini likafunguka.

Nikabonyeza iliyofuata.

Picha ya baraza yetu ya Tibirinzi! Kanga ya mama imeanikwa kambani, ile niliyomnunulia sikukuu ya Idi.

Juu yake: INAUZWA.

"Nassor, nini hii?"

Anatazama miguu yake.

Nilimwambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Nikamwambia namwita mama sasa hivi.

Mama akatoka mwenyewe jikoni, upawa mkononi. "Usimgombeze mwenzio. Mimi ndiye niliyemwambia auze. Na mimi ndiye niliyemwambia wewe usijue mpaka mambo yaishe."

Nikaifuta ile linki. Nassor akavuta laptopu, akaitia tena, vile vile nilivyomfundisha.

Sasa naitwa nikale. Wamekaa mkekani wote wawili, wananingoja.

Jamani, nyinyi mngekwenda?