Lori Lililotetemeka Tukimpeleka Adela

Ninamshukuru Mungu aliyeniamsha tena leo na masikio yanayoweza kuisikiliza injini, ingawa mgongo umechoka kuiinamia. Sifa zote ni zake, hata kwa uchovu huu.

Mwanangu, nakumbuka siku moja tulipompeleka dada yangu Adela kuolewa, kutoka Nemba hadi Ntobeye. Kaka yetu Deo aliendesha, mimi nikiwa utingo wake. Lori lilikuwa kuukuu, la petroli na kabureta, tuliloachiwa na mume wa shangazi yetu alipofariki. Shangazi alikaa mbele na bibi harusi. Nyuma walijaa akina mama, ndizi na nyimbo.

Padre alikuwa anapita kigangoni Ntobeye asubuhi hiyo, kisha anaendelea na safari yake ya vigango vingine. Huko alifika kwa nadra. Tukimkosa, hakuna ndoa.

Tangu nyumbani lori halikuwa zima. Likikimbia, sawa. Likisimama huku linawaka, linatikisika kama mtu mwenye homa, kisha linazima. Deo akafanya jambo ambalo sisi wa milimani tunalifanya hadi leo: akakaza skrubu ya kabureta mpaka injini ikanguruma yenyewe, bila kukanyagwa mafuta.

"Si limepona?" akasema.

"Limepona wapi? Linapiga kelele tu," Shangazi akajibu.

"Shangazi, wewe mwangalie bibi harusi, lori niachie mimi."

Akina mama wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Tulipoanza kuteremka milima ya Ngara, kicheko kiliisha. Injini iliyopandishwa mzunguko vile haikutuzuia tena, ilitusukuma. Deo alikanyaga breki hadi zikanuka. Kwenye kona moja tuliona bonde kabla ya kuiona barabara.

"Simamisha," Shangazi akasema.

"Padre ataondoka!"

"Aondoke. Atarudi kufungisha ndoa. Au unataka arudi kutuzika?"

Deo alisimamisha, nami nikaweka jiwe nyuma na mbele ya tairi. Shangazi akamwamuru arudishe skrubu ilipokuwa, lori litetemeke lilivyotaka. Alijua asemalo, maana marehemu mumewe alikuwa akimshikisha spana miaka yote ya ndoa yao. Tulichomoa waya za plagi, moja moja, tukiirudisha kila moja. Kila tulipochomoa, injini ilizidi kudhoofika. Basi plagi zote zilikuwa zinafanya kazi. Ndipo akaomba sabuni na maji, akamwagia kidogo kidogo pale kabureta inapokaa juu ya injini. Povu likanyonywa ndani, na lori likatulia kwa pumzi chache.

"Linavuta hewa hapa," akasema. "Hamkutazama."

Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya kabureta na injini, ilikuwa imepasuka. Tulisubiri injini ipoe, tukakata nyingine kutoka kwenye boksi la sabuni, tukaipaka oili, tukakaza nati. Lori likanguruma polepole, bila kutikisika. Jua lilikuwa limeshapanda.

Ntobeye tulikuta kigango kimefungwa. Padre alikuwa ameondoka.

Kwetu, bibi harusi akishaagwa na wazazi harudi nyumbani, na kwa mume hawezi kuingia bila ndoa. Mke wa katekista akampokea. Adela alikaa pale, akichota maji na kupalilia maharage ya wenyewe, gauni lake limekunjwa sandukuni, hadi padre alipopita tena. Aliolewa, akazaa, Mungu amemtunza. Hakumlaumu mtu. Aliniambia neno moja tu: "Asubuhi ile, pale Nemba, muda tulikuwa nao."

Mwanangu, juzi kijana wa Nyarubungo aliniletea lori linalotetemeka hivyohivyo. "Shikamoo babu, nipandishie mzunguko tu, nina haraka." Nimechoka kulisema hili, lakini nalisema tena. Usianze na skrubu. Kwanza jua kama plagi zote zinafanya kazi, kisha tafuta hewa inapopenya, kaza kilicholegea. Skrubu iwe ya mwisho. Na nyumbani kwako, anapotetemeka mke au mtoto, usipandishe sauti ili usimsikie. Kaa naye, utafute anapoumia, mapema, mkiwa bado uani kwenu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe masikio ya subira, akushike mkono kwenye kila mteremko, na akufikishe unakongojewa mlango ukiwa bado wazi. Amina.