Sabuni Kizuizini

Tulimzika shangazi yangu mwezi uliopita, na mpaka leo nikikaa kumlilia, kicheko kinatangulia. Mungu anisamehe. Watu waliokuja kutupa pole walitukuta tumeshika mbavu, wakadhani wamekosea nyumba.

Sokoni walimwita Mama Povu. Kwa miaka ishirini na saba alitengeneza sabuni katika chumba cha uani. Alikoroga mafuta na magadi makali ndani ya pipa, akamimina uji wake kwenye fremu za mbao, na kesho yake akakata vipande kwa waya. Sabuni mbichi ina maji mengi. Kwa hiyo kila kipande alikikata gramu mia mbili na arobaini, akakipiga mhuri wa 200, akakipanga rafuni. Baada ya wiki sita kilikuwa kimekauka na kubaki mia mbili. Wateja wasio na subira walikichukua mapema, naye aliona si neno, kwani kingekaukia kwao.

Ndipo bunge likapitisha sheria ya vipimo. Kila bidhaa iwe na uzito ulioandikwa juu yake, siku yoyote itakayopimwa, isizidi wala kupungua kwa zaidi ya gramu tano. Nia ilikuwa nzuri, kuwabana wapunjaji. Mwenye kiwanda kikubwa cha sabuni aliisifu sana redioni. Yeye alikuwa na mashine inayokausha sabuni kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulikuwa na dirisha.

Mkaguzi alikuja, kijana mwenye adabu, amebeba mzani wake kama mtu aliyebeba mayai. Akapima kipande kilichokatwa siku mbili nyuma.

"Mama, hii imezidi gramu thelathini na sita."

"Kuna aliyelalamika, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Lakini sheria inataka sawasawa."

"Basi wewe ndiye wa kwanza kunikamata kwa ukarimu."

Akaandikiwa kosa la kwanza. Shangazi hakuwa mbishi. Aliamini kwamba mtu anayemcha Mungu hutii na serikali, hivyo mzigo uliofuata akaukata gramu mia mbili kamili, bila kuongeza hata chembe. Mkaguzi akarudi baada ya mwezi. Mzani ukasoma mia moja sabini na moja.

"Mama, sasa umepunja."

Shangazi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Katika maisha yake alikuwa ameitwa mengi, lakini mpunjaji hapana. Hilo likawa kosa la pili, na la tatu lilikuwa linafuta kibali chake cha kutengeneza sabuni. Kibali kile ndicho kilichonisomesha mimi mpaka kidato cha nne, na ndicho kilichotulisha wote.

Bahati nzuri likaja tangazo kwamba kamati ya bunge inapokea maoni kuhusu kanuni za sheria ile. Shangazi akavaa nguo zake za ibada, akachukua kikapu, nami nikamfuata.

"Mama, unaipinga sheria?" mwenyekiti akamuuliza.

"Siipingi, Mheshimiwa. Naomba ingoje kidogo."

"Ingoje nini?"

"Sabuni ikauke."

Mwakilishi wa kiwanda akasema hizo ni hadithi za jikoni, sabuni ni sabuni. Shangazi akatoa kikapuni kipande kilichokatwa asubuhi ile. Mkaguzi, naye ameitwa na mzani wake, akakipima: mia mbili na arobaini. "Kifungieni wenyewe," shangazi akasema, "mkipime baada ya wiki sita." Katibu wa kamati akakibandika karatasi iliyoandikwa Kielelezo Namba Moja, akakiweka kabatini. Mwenyekiti akaagiza asiandikiwe kosa la tatu mpaka siku hiyo.

Kwa wiki sita shangazi aliiombea sabuni ile kwa jina lake la kiserikali.

"Shangazi, kweli unakiombea Kielelezo Namba Moja?"

"Kiko kizuizini peke yake, mwanangu. Hakina ndugu kule."

Siku ilipofika, katibu alifungua kabati akachelewa kugeuka. Alichokileta mezani kilikuwa chembamba kama ganda la peremende. Mzani ukasoma gramu hamsini na nane.

"Hii imekauka au imekonda?" mwenyekiti akauliza.

Katibu akatazama viatu vyake. "Mheshimiwa, sabuni ya ofisi iliisha."

"Kwa hiyo mkaoga na ushahidi."

"Mikono tu, Mheshimiwa. Na si mimi peke yangu."

Wajumbe wawili wakaanza kuchunguza dari. Mwakilishi wa kiwanda akasimama: ushahidi haupo, shauri limekwisha, sheria ibaki ilivyo. Alichosema kilikuwa kweli. Mwenyekiti akamgeukia shangazi, akamuuliza kama ana la kusema. Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

"Nina swali moja kwa katibu," akasema alipopata pumzi. "Ilitoa povu?"

"Sana, Mama."

Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti naye akavua miwani kujifuta macho. Ulipotulia, shangazi akatoa kipande kingine na kuomba wiki sita nyingine. Akapewa. Kielelezo Namba Mbili kikafungiwa, ufunguo ukaenda na mwenyekiti, na ofisi ikaagizwa inunue sabuni.

Mara hii kilitoka kizima, kigumu kama jiwe. Mia mbili na mbili. Mwenyekiti akataka kipimwe tena. Mia mbili na mbili.

Mkaguzi akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, makosa yote mawili niliandika mimi. Mzani wangu haukusema uongo. Kosa la kwanza niliipima sabuni kabla ya wakati, na sheria haikunipa wakati wa kungoja; la pili aliikata hivyo kwa kunitii."

Kanuni ikarekebishwa: sabuni ipigwe mhuri wa tarehe ya kukatwa, na uzito wake uwe ule wa baada ya wiki sita. Makosa mawili yakafutwa. Kibali kikabaki, na ndicho ninachofanyia kazi sasa.

Shangazi hakutoka. Alisogea mpaka mezani.

"Mheshimiwa, naomba basi sabuni yangu."

"Samahani, Mama. Hii sasa ni mali ya serikali."

"Sawa," akasema. "Na serikali nayo ioge."

Akacheka kutoka mlangoni pale mpaka mtaani kwetu, ameniegemea, mimi nimemwegemea yeye, hata tukaipita nyumba yetu, tukageuka, tukaipita tena.